Pigo la Tisa

Kabla ya chai ya saa nne, Rupert Vane alikuwa ameshamng'oa mtu meno mawili kwa kipini cha upanga, na pole hakusema. "Si mmelipwa kufa?" akauliza, akijifuta damu ya mwenzake shavuni. Huyo ndiye alikuwa nyota wa filamu yetu, akiigiza haramia shujaa wa msituni aliyewatetea wanyonge miaka mia saba iliyopita. Mnyonge gani angetetewa na mshenzi yule, mimi sijui.

Mimi, Perce, ndiye niliyewafundisha kupigana kwa panga. Filamu yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Tulikuwa watu kumi na wawili: asubuhi maharamia, mchana askari wa liwali, tunabadilisha makoti na kufa upya. Panga zilikuwa butu, lakini chuma ni chuma, huvunja mfupa. Kinga yetu ilikuwa hesabu. Kila pambano lina mapigo yake, unayakariri kama sala, na likipita la mwisho unashusha mkono. Anayeongeza pigo ni muuaji.

Len, mume wa dada yangu, aliigiza jemadari wa liwali. Jicho lake la kulia lilikufa vitani, na siri hiyo tuliijua sisi watatu tu, yeye, dada na mimi. Ingetoboka, asingeshika upanga tena, na kazi nyingine hakuijua. Kwa hiyo nilimpangia mapigo yote yamjie kushoto, upande anaoona. Miaka sita tulikwenda hivyo, salama salimini.

Baada ya chakula, mwongozaji Maddox akaja anachekacheka. Hadithi ilitaka ngome mbili, na ngazi tulikuwa nayo moja tu, ya mbao na plasta.

"Picha tutaigeuza kama kwenye kioo, ngazi ionekane nyingine," akasema. "Basi piganeni kwa mkono wa kushoto, ikigeuzwa uonekane wa kulia. Na mkanda wa kamera umebaki wa kupiga mara moja tu, ole wenu mniharibie!"

Vane akishika upanga kwa kushoto, mapigo yote yatamjia Len kulia, gizani.

Nikamvuta Len nyuma ya farasi. "Shemeji, namwambia Maddox."

"Thubutu! Ukisema, mimi na wewe basi. Wapwa zako watatu utawalisha wewe?"

"Hutaona kitu, mpumbavu we!"

"Nitasikia. Mapigo ni manane, Perce. Nayajua hata usingizini."

Nikanyamaza. Mungu anisamehe, nikanyamaza.

Vane alishuka ngazi kama ng'ombe aliyekata kamba. Moja, mbili, chuma juu ya chuma. La tatu Len alichelewa, likampasua bega. La tano likamchana sikio. Hakulia. Nilimwona anarudi nyuma, damu ikimtiririka shingoni, midomo ikihesabu. Sita. Saba. Nane! Akalikinga vizuri, akashusha mkono kama nilivyomfundisha mwenyewe.

Vane aliona kamera bado inazunguka. Akaongeza la tisa.

Lilitoka kulia, na Len hakugeuka hata kidogo. Ncha ikavuka pua, ikalipasua jicho la kushoto, lile zima. Akaporomoka ngazi zote, mikono usoni.

"Safi sana!" Maddox akapiga kelele.

Nilimrukia Vane, nikamtwanga kwa kipini mpaka taya likalegea, na ilibidi watu wanne wanitoe juu yake. Nilitamani kumuua, wala sifichi. Haikumsaidia Len kitu.

Mkanda mwingine hawakuwa nao, kwa hiyo waliitumia picha ileile. Filamu ilipofika mjini kwetu, Len alitaka kwenda, na nikampeleka kwa kumshika mkono. Watoto waliojaa ukumbini walikuwa wakimshangilia Vane tangu mwanzo.

"Ngazi imefika?" Len akauliza.

"Imefika."

"Basi nieleze."

Nikageuza uso, nisiitazame picha.

"Perce, siku ile nilikuomba unyamaze, ukanyamaza. Leo nakuomba useme."

Nikaanza kumhesabia. Moja. Mbili. Tatu, bega lake likatikisika. Tano, akagusa sikio. Alikuwa anakinga kila pigo palepale kitini, kwa mkono mtupu.

"Nane," nikasema, na mkono wake ukashuka wenyewe gotini.

"Endelea," akasema.

"Tisa, shemeji," nikasema, na watoto wakapiga makofi.