Radhi ya Bi Zaitun wa Salale

Mjomba wangu Gharibu aliuza watu elfu kumi na tisa kwa kampuni moja ya Dar es Salaam, na hakuna aliyemkamata. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba habari hii inamhusu mtu mzito.

Watu hao walikuwa wanachama wa Baraza la Delta, jukwaa la mtandaoni alilolianzisha mwaka 2009 katika duka lake la vifaa vya ofisi pale Kibiti, nyuma ya mashine ya fotokopi. Mwanzo lilikuwa la kuulizia boti za Nyamisati zinaondoka saa ngapi. Kisha wakaja wauza samaki na kamba, wakaja wenye kuku wagonjwa, wakaja wenye misiba, wakaja watafuta wachumba, na mwisho wakaja wale wasiotafuta kitu, wanaotaka kugombana tu. Mjomba aliwasimamia wote kwa miaka kumi na sita, mkono mmoja ukiwa na kikombe cha chai ya tangawizi na mwingine ukiwa tayari juu ya kitufe cha kufungia watu.

Hatimaye akachoka, macho na moyo. Wakaja vijana wawili wenye suruali fupi kuliko zinavyotakiwa kuwa, wakakaa naye siku nzima, wakaondoka na Baraza. Bei sitaitaja, si kwa adabu, ni kwa sababu hakuniambia. Walikubaliana kwamba Alhamisi saa kumi kamili jioni akaunti yake itafutwa, na kabla ya hapo ana ruhusa ya kuandika neno la kuaga.

Neno hilo ndilo lililotupeleka topeni.

Kwetu mtu haagi hivi hivi. Anayekwenda Hija, anayehama mji, anayeugua akajiona hanyanyuki tena, wote hupita kwanza kwa watu waliokwaruzana nao, wakapeana mkono, wakaombana radhi. Mjomba akafungua orodha ya wote aliowahi kuwafungia Barazani. Walikuwa mia mbili na kumi na watatu. Akatangaza mbele ya mama yangu, ambaye ni dada yake, na mbele ya sahani ya wali, kwamba hataandika hata herufi moja ya kuaga mpaka wa mwisho wao awe amemsamehe.

Mimi nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni huko bara, kwa hiyo nikateuliwa karani wa msamaha. Nilimtafutia namba, akapiga, nikaweka alama ya vema. Kazi ile ilinifundisha mengi juu ya binadamu. Bwana mmoja wa Mahege, aliyefungiwa kwa kumuuza fahali mmoja kwa wateja tisa, alisema hana kinyongo, na akauliza kama Mjomba hahitaji fahali. Haruni wa Mchukwi alisamehe haraka lakini akaomba asifunguliwe, kwani tangu afungiwe mkewe anamsifu kwa utulivu. Mwingine alikuwa amekwishafariki. Mwanawe akasamehe kwa niaba yake, kisha akatukana kidogo kwa niaba yake pia.

Kufikia Jumatano usiku tulikuwa tumebakiwa na mtu mmoja. Bi Zaitun wa Salale, umri miaka themanini na mmoja, asiye na namba ya simu popote.

Wazee kwa vijana Barazani walimpenda Bi Zaitun. Alijua dawa ya mume mvivu, namna ya kupika wali usishike chini, na aibu za kila familia bila kutaja jina. Miaka miwili iliyopita Mjomba alikuwa ameandika somo refu la kilimo cha mpunga wa bondeni, na Bi Zaitun akajibu mbele ya watu wote kwamba mwanangu Gharibu, wewe mpunga unaujua ukiwa umekwishaingia kwenye sahani. Watu wakacheka wiki nzima. Mjomba akamwandikia kwamba uzee umemla akili na kwamba aende akalale, kisha akamfungia maisha asiandike tena, abaki kusoma tu.

"Nilimtukana bibi kizee," Mjomba alimwambia mama usiku ule. "Huenda amekufa na tusi langu."

Hapa inanipasa kutoa maelezo ambayo hadi usiku ule nilikuwa sijampa mtu. Bi Zaitun alikuwa mzima wa afya. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa amekaa mkekani hapo hapo akichambua orodha ya msamaha. Nilimzaa kidato cha kwanza, Jumamosi moja kwenye chumba cha kompyuta cha shule, kwa nia ya kumkera Mjomba kwa dakika kumi. Nikaona watu wanamwamkia. Ukiamkiwa shikamoo na watu wazima arobaini kwa siku, na wewe bwenini unatumwa maji na kila aliyekutangulia kidato, kujiuzulu si rahisi.

Usiku ule ningeweza kusema. Nilikwishafungua mdomo. Lakini Mjomba akawa amemaliza kupanga safari: asubuhi tunakwenda Salale, na mimi Nasra nitabeba zawadi ya bibi, doti ya kanga na kilo mbili za sukari. Nikaufunga mdomo. Nilijipa moyo kwamba akifika, akaulizia, akaambiwa hayupo, atarudi nyumbani ameridhika.

Sikumjua vizuri mjomba wangu.

Tulifika Nyamisati, bandari ya Salale, mapema. Mudrick, mwenye boti ndogo ya mashine, alituonya kwamba maji yameshaanza kupwa, na kama tunataka kuzunguka vijiji vya ndani tuondoke sasa hivi. Mjomba akasema anauliza kidogo tu. Akawauliza wanawake waliokuwa wakimenya kamba, mmoja mmoja, baada ya kuwasalimia, baada ya kuulizia hali za watoto wao. Wakamleta Bi Zaitun mmoja, lakini alikuwa na miaka thelathini, anauza maandazi, na alisema hajawahi kutukanwa na Mjomba ila kama anataka kuanza aanze. Kisha bibi mmoja akakumbuka kwamba ng'ambo ya mikoko, kwenye kambi ya wapanda mpunga, yupo mkongwe mkali wa maneno. Mjomba akauona mkono wa Mungu. Kufikia hapo saa zilikuwa zimekwenda na maji yamekwenda nazo.

Saa saba mchana, katikati ya kijito chembamba, boti ilikohoa, ikaserereka, ikakaa juu ya tope kama kuku anayelalia mayai. Mudrick akasukuma kwa pondo, ule mti mrefu wa kuendeshea boti, mpaka pondo likabaki topeni na yeye akabaki mikono mitupu. Akakaa, akavua kofia, akatuambia kwa upole wa daktari kwamba maji yatarudi kutunyanyua kwenye saa kumi na moja na nusu.

"Saa kumi wanaifuta akaunti yangu," Mjomba akasema.

Mudrick akamjibu kwamba maji hayana habari na mikataba ya Dar es Salaam.

Hakukuwa na pa kwenda. Kushoto mikoko, kulia mikoko, chini tope linalomeza mtu hadi kiunoni, na kaa wadogo wametoka kwenye mashimo yao kututazama. Simu ya Mjomba ilikuwa na mtandao kidogo. Mudrick, ambaye kumbe naye ni mwanachama tangu 2014, akamsihi aandike neno la kuaga hapo hapo, kwani watu wanasubiri tangu asubuhi. Hata mke wake Mudrick amekwishauliza mara mbili. Mjomba akakataa. Alisema hawezi kuwaaga watu elfu kumi na tisa kwa maneno ya heshima ilhali mmoja wao, tena mkubwa wao kwa umri, yeye mwenyewe alimfukuza kwa tusi. Bora aondoke kimya, wamwone hana adabu, kuliko kuwadanganya.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ubao wa mbele, ameishika simu kwa mikono miwili, na kila baada ya muda anaiwasha, anaangalia saa, anaizima. Miaka kumi na sita, na mtu huyu alikuwa anakwenda kuipoteza kwaheri yake kwa ajili ya bibi niliyemtunga baada ya kushiba maharage ya shule. Nilitafuta mzaha wa kusema. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema, sikuupata.

Saa tisa na nusu nikamwambia.

Nilisema haraka, nikiangalia ile mifuko miwili ya sukari. Mudrick alicheka mpaka boti ikajaribu kuondoka bila maji. Mjomba hakucheka na hakuamini. Alisema nina moyo mzuri lakini nisimdanganye mtu mzima kwa kumwonea huruma. Mtoto hawezi kuwa na busara ile. Nililipokea hilo kama sifa, ila wakati haukuruhusu kulifurahia.

"Mwaka 2021 ulitaka kulifunga Baraza," nikasema. "Ukamwandikia Bi Zaitun faraghani, usimwambie mtu. Ukasema umechoka, watu hawana shukrani."

Mjomba akageuka.

"Alinijibu nini?"

"Alikujibu, usifunge mwanangu. Mimi nikiwa mpweke, humu ndimo ninamoingia kwanza."

Kaa mmoja alitambaa juu ya mzizi akarudi alikotoka. Mjomba alinitazama muda mrefu, na mimi nikatazama kila kitu isipokuwa yeye.

"Maneno yale yalinibakisha miaka minne," akasema. "Kila nikitaka kufunga, nasema, na yule bibi ataingia wapi?"

Nikamwambia kwamba yale hayakuwa utani. Kidato cha pili nilikuwa nalia chooni siku za wiki na Jumamosi naingia Barazani kusoma nani kafunga ndoa Bungu na boti gani imeharibika. Hilo lilikuwa jambo la pekee la kweli ambalo Bi Zaitun aliwahi kuandika, na alilisema yeye kwa sababu mimi nisingeweza.

"Sasa niliyemtukana ni nani?" Mjomba akauliza.

"Mimi."

"Basi nakuomba radhi."

Akaunyoosha mkono. Nikaanza kusema, kwa sauti ya kutetemeka ya Bi Zaitun, kwamba mwanangu nimekwisha...

"Hapana," akanikata. "Sema kwa mdomo wako."

Napenda kuwaarifu wote wanaodhani kusamehe ni kazi nyepesi kwamba hawajawahi kusamehe mtu mzima aliyewatukana kwa haki. Shuleni nimesimama mbele ya mwalimu wa nidhamu, nimesema uongo mrefu wenye ibara na vifungu, sauti haikunitoka vibaya. Pale kwenye tope sauti ilitoka vipande vipande. Nikaupokea mkono wake, nikasema nimekusamehe Mjomba. Kisha nikamwomba na yeye anisamehe kwa miaka yote ile ya kumfanya aamkie mtoto.

"Lako tutaliangalia," akasema. "Lina mambo mengi."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Mjomba akaandika. Alikuwa na kurasa tatu alizozitunga kichwani mwezi mzima, zenye aya na shukrani kwa wazee, lakini betri ilikuwa inakwenda na vidole vilikuwa na tope, hivyo ikatoka fupi. Alisema ameuza, na aliyeuza ni yeye, asilaumiwe mwingine. Alisema kila aliyemfungia amemwomba radhi, mia mbili na kumi na watatu, na wa mwisho amempa mkono leo ndani ya kijito cha Salale. Alisema kuna watu humu wanaoingia kwa upweke, hivyo wenye kugombana wagombane kwa staha. Akasema kwaherini.

Mtandao ukasuasua. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, Mudrick akasoma dua aliyoikumbuka, na dakika mbili kabla ya saa kumi ujumbe ukaenda.

Saa kumi kamili simu ikamwuliza Mjomba jina lake la mwanachama na neno la siri. Akayaweka. Ikamwambia mtu huyo hayupo. Akayaweka tena, taratibu, kama anayemtajia jina lake mtoto aliyemsahau. Hayupo. Akaiweka simu juu ya kanga za Bi Zaitun na kuikunja mikono, na mimi sikuthubutu kumtazama usoni.

Mudrick ndiye aliyetoa simu yake, akaingia Barazani kwa jina lake mwenyewe, akasogea mbele mpaka wakakaa ubao mmoja. Akamwambia majibu yameshaanza kuja, kama anataka atamsomea. Mjomba akasema hana haja sana. Kisha akauliza la kwanza linasemaje.

Mudrick akasafisha koo. La kwanza lilitoka kwa mtu wa Mbwera aliyetaka kujua kama kesho kuna boti ya asubuhi, au imeharibika kama juzi.

Nilijiandaa kwa lolote, hata machozi.

"Mjibu," Mjomba akasema. "Mwambie ipo, inaondoka na maji ya asubuhi, asichelewe. Na mwambie avae koti la baridi." Akafikiri kidogo. "Haya, la pili."