Utepe wa Akiba

Mashindano ya bara ya jimnastiki ya midundo yalikuwa yamefika zamu ya wasichana wadogo, na mshonaji alikuwa ameshapiga pasi tepe mbili za kuchezea. Mwekundu ulikuwa wa Kitinda, binti yake pekee aliyebaki. Wa bluu ulikuwa wa marehemu dada yake Kitinda, bingwa wa wakubwa, aliyezikwa mwaka jana.

"Mama, wa dada usiuweke," Kitinda alisema. "Naogopa. Weka ule mweupe wa mazoezi."

"Ni wa akiba tu, mwanangu. Nani kakwambia utauhitaji?"

Utepe wa akiba huwekwa pembeni mwa zulia. Wako ukipiga fundo, unautupa na kuuchukua ule. Mshonaji aliyajua hayo fika, na tusifichane, alikuwa na lake moyoni. Mwaka mzima alikuwa akiomba amwone binti mkubwa akicheza tena, japo mara moja. Alipoona Kitinda kageuka, akauweka wa bluu.

Muziki ukaanza. Kitinda alicheza huku midomo ikihesabu, moja, mbili, tatu, tabia ambayo kocha alishaipigia kelele mpaka akachoka. Katikati ya mchezo, utepe mwekundu ukajifunga fundo hewani, kana kwamba kuna mtu kaudaka. Kitinda akautupa, akakimbilia pembeni, akauona wa bluu. Akamtazama mama yake. Kisha akauokota, kwa mkono wa kushoto.

Midomo ikaacha kuhesabu.

"Huu mchezo sikumfundisha mimi," kocha alinong'ona. "Huu ni wa dada yake. Na huyu tangu lini akatumia shoto?"

Mshonaji hata hakumsikia. Alikuwa akilia na kupiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, maana aliyekuwa zuliani alikuwa mwanawe mkubwa, shingo ile ile, madaha yale yale. Alifurahi, jamani. Alifurahi kupita kiasi.

Binti akaja kuketi naye kwenye benchi la kusubiria alama, akamwegemea bega. Alama zikatoka, wa kwanza! Ukumbi mzima ukasimama.

"Mama, mbona umekonda hivyo?" binti aliuliza. "Na mdogo wangu yuko wapi? Hukuja naye?"

Mshonaji akainuka kwenye benchi. Alijikokota hadi zuliani, akauokota utepe mwekundu. Ukamzunguka kifundo cha mkono, ukambana, vile vile Kitinda alivyozoea kumshika wakivuka barabara. Ulikuwa na joto.

"Mama, tupishe, anayefuata anaingia," msimamizi alisema.

Hakutoka. Alipiga magoti, akaliingilia lile fundo kwa kucha, likakataa, akatumia meno.

"Mama, rudi basi," sauti ikamwita kutoka benchini, sauti aliyoililia mwaka mzima. "Wanataka kutupiga picha."

"Ngoja kidogo, mwanangu," alijibu, na hakujua anamwambia yupi.