Bramwel Azama Siku ya Kusi

Bramwel alikuwa karani wa bandarini, mtu wa Bungoma, na kwa miaka kumi na mmoja aliyokaa Tononoka bahari haikuwahi kumpita magoti. Lakini kwenye simu alikuwa amemsimulia shemeji yake Kate, mdogo wa mkewe, jinsi anavyozamia kila Jumapili. Kate alipokuja likizo, jambo la kwanza alilotaka ni kwenda naye.

Siku hiyo kusi ilikuwa ikivuma kwa hasira. Walipita vichochoro vya Mji wa Kale hadi gatini, Kate ameishika kofia kwa mikono miwili, Bramwel akiomba safari ivunjwe.

"Nje ya mwamba leo hakwendeki," alisema Bi Khairiya, mwalimu wa kuzamia, mama wa mtaa wa Kuze aliyevaa nguo ya mpira na kilemba cheusi kilichombana sawasawa.

"Basi turudi," Bramwel alidakia.

"Lakini huku ndani maji yana utulivu. Mita tano tu, baba."

Utulivu huo Bramwel hakuuona. Mashua ilipotia nanga na kuanza kubembea, alitangaza kwamba yeye atabaki kulinda viatu. Mara aliinama ukingoni akatoa chai, mahamri, mbaazi, na mwisho kabisa meno yake mawili ya mbele.

Yalikuwa meno ya bandia. Aliyatengenezesha kabla ya kupeleka mahari, na ukweni hakuna aliyejua. Aliyatazama yakizama, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Pole, shemeji," alisema Kate. "Pumzika tu."

Bramwel alitikisa kichwa kwa nguvu. Alimvuta Bi Khairiya pembeni, akamnong'oneza. Mama yule aliyatazama maji, akamtazama yeye, akauma midomo asicheke.

"Haya," alisema. "Bwana Bramwel azama nasi."

Kate alimpigia makofi. Bi Khairiya aliwafunga mitungi ya hewa, akawafundisha: usizuie pumzi, kidole cha shahada na gumba vikikutana ni "niko sawa", dole gumba likielekea juu ni "nataka kupanda." Kate alisikiliza. Bramwel alikuwa akipima kwa macho pale alipotapikia.

Walishuka taratibu kwa kamba ya nanga. Chini, Bi Khairiya alimwuliza kwa mkono kama yu salama. Bramwel akainua dole gumba. Akapandishwa juu.

"Una nini?"

Bramwel alitema kifaa cha kupumulia. "Thina kitu! Niko thawa!"

"Dole gumba ni kupanda juu, baba."

Walishuka tena. Aliulizwa tena, akainua dole gumba tena. Mara ya tatu alishuka ameikunja mikono kifuani, akaanza kupekua mchanga kama kuku.

Kate ndiye aliyeyaona. Yalikuwa kando ya jiwe, yamechekelea. Mapovu yalimtoka kama sufuria iliyochemka; aliyanyakua, akainua dole gumba, na wote wakapanda.

"Kuna maiti!" alipiga kelele alipofika mashuani. "Kuna mtu amekufa hapa! Haya ni meno yake! Bi Khairiya, tuite polisi!"

Bi Khairiya alijishughulisha na kamba isiyohitaji kushughulikiwa.

Kate alikuwa ameshatoa simu. Bramwel aliwaza polisi wakija na wazamiaji wao, wakitafuta mwili uliobaki, yeye akiandikisha taarifa bila meno. Akanyoosha mkono.

"Themeji," alisema. "Maiti ni mimi."

Kate alimtazama, akayatazama meno, akamtazama tena. Kisha alicheka hadi akakaa chini kwenye maji ya sakafuni. "Na kuzamia kila Jumapili?"

"Hilo pia ni la bandia."

"Shemeji, ungesema tu! Mama mwenyewe anavaa ya chini."

Miaka yote hiyo, Bramwel alipokwenda ukweni, yeye na mama mkwe walikuwa wakiitafuna minofu polepole, kila mmoja akimhofia mwenzake.

Aliyasuuza meno, akamkabidhi Bi Khairiya ayaweke kwenye mfuko wake wenye zipu.

"Huyavai?" mama akauliza.

"Bado. Kule chini nimeangalia mchanga peke yake. Kulikuwa na thamaki wa manjano akanipita, thikumtazama."

Upepo ulimpiga kofi la maji usoni. Alivuta miwani machoni, akakutanisha kidole na gumba, akaingia majini wa kwanza.