Mifupa Yenye Hereni

Mifupa ile niliichora mimi. Ilikuwa Julai, mwaka wa tisini na saba, kwenye ukuta mmoja Kiganjo na mwingine Ruring'u, karibu na uwanja wa mpira. Moffat, mtu wa shirika lililonipa kazi hiyo, alisimama nyuma yangu akitafuna hindi la kuchoma.

"Mutahi, fuvu ni nzuri," akasema. "Lakini mvalishe rinda. Na hereni. Watu wajue ugonjwa inatoka wapi."

Sikubisha. Nilichora rinda jekundu na hereni mbili za duara, kisha chini nikaandika kwa herufi zilizonyooka kuliko za mchoraji yeyote wa Nyeri: UKIMWI HAUNA DAWA. JIHADHARI. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikajisifu kimoyomoyo.

Septemba nikaenda Timau kuandika mabango ya shamba moja la maua. Kazi ilikuwa ya siku sita. Nilikula katika hoteli ndogo ya mabati, na aliyeniletea chakula kila siku ni Judy, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ambaye alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ijumaa mchana mvua ilitufungia chumbani kwake, nyuma ya hoteli. Paketi za mpira, yaani kondomu, ambazo Moffat alinigawia zilikuwa ndani ya sanduku langu la brashi, kule shambani. Nilijua hasa ziko wapi.

"Uko na mpira?" Judy akaniuliza.

"Kwani mimi naonekana mgonjwa?" nikamjibu.

Akaziba mdomo kwa kiganja, bila kucheka. Mimi nikadhani nimeshinda.

Majuma mawili baadaye nilikuwa Nyeri mjini, nikinunua rangi, nilipokutana na Mwirigi, dereva wa lori la lile shamba la maua.

"Fundi! Ati ulikuwa unakula kwa Judy?" akacheka. "Chunga. Bwana yake tulizika mwaka jana. Alikonda mpaka mshipi ikamzunguka mara mbili."

Nilitoka dukani nikaiacha rangi juu ya kaunta.

Tangu siku hiyo niliishi mbele ya kioo. Nilitoa ulimi asubuhi nikautazama. Nilipapasa shingo na makwapa nikitafuta uvimbe, nikapapasa mpaka nikajiumiza, halafu yale maumivu yakanitisha. Nikikohoa mara moja, nilijiona nimelala kwenye kitanda cha wodini na miguu ya vijiti. Na kila nilipojiona hivyo nilimlaani Judy. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Swali lake sikulikumbuka. Nilikumbuka kwamba alivaa hereni.

Nilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuogopa, na jina lake ni Wacera. Alikuwa mwalimu wa chekechea Ruring'u. Mbuzi walikwisha pelekwa kwao, wazee walikwisha kunywa, na harusi ilipangwa tarehe kumi na tano Novemba. Tulikuwa tumekubaliana kungojana mpaka siku hiyo. Hii ina maana kwamba yeye alingoja. Na Pasta Kingori alikuwa na sheria yake: hakuna ndoa kanisani kwake bila barua ya damu. Bwana harusi na bibi harusi hupimwa hospitalini, kila mmoja hurudi na bahasha iliyofungwa, na pasta huzifungua mwenyewe ofisini, wazazi wakiwa wameketi. Watu walimsifu sana kwa hilo. Hata mimi nilimsifu, kabla ya Timau.

Katikati ya Oktoba nikaenda kupimwa. Muuguzi aliyenipokea aliitwa Sista Jeniffer, mama mnene aliyevaa sweta juu ya sare kwa ajili ya baridi.

"Ni ya kanisa ama ni ya roho yako?" akauliza.

"Ni ya kanisa."

"Na mbona huachi kujipapasa shingo?"

Nikamweleza. Sikumtaja Judy kwa jina, nilisema "mwanamke fulani." Alihesabu kwa vidole.

"Wiki sita. Sikia, kijana. Damu nitakayotoa leo inaniambia habari yako ya Julai. Ya Septemba bado haijui. Ungoje miezi mitatu itimie, urudi Desemba."

"Harusi ni Novemba, Sista."

"Virusi havina kadi ya harusi."

Nikamuuliza kile nilichokuwa nimesoma kwenye gazeti, kwamba ng'ambo kuna vidonge ambavyo mtu akivimeza mapema, siku zile zile za kwanza, vinaweza kuuzuia ugonjwa usishike. Akacheka, lakini si kwa furaha. Akaniinulia kidole gumba cha mkono wa kushoto.

"Unaona hii? Nilijidunga na sindano ya mgonjwa mwaka jana. Mimi, mfanyakazi wa hospitali. Unajua dawa nilipata? Maji na sabuni. Halafu nikaenda nyumbani nikawapikia watoto wangu, na nikahesabu siku, kama wewe. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa kazini." Akanifunga mkanda wa mpira mkononi, akavuta kwa nguvu. "Na huyo mwanamke fulani, umemwambia apimwe?"

Nilijifanya nimeumwa na sindano.

Barua ilitoka baada ya majuma mawili. Jumapili ya kwanza ya Novemba tukaketi ofisini mwa pasta. Mvua ya El Nino ilikuwa imeanza, na baba yangu alikuwa na matope mpaka magotini. Pasta Kingori akafungua ya Wacera: hana. Akafungua yangu.

"Hana!" akasema. "Bwana asifiwe."

Mama yake Wacera akapiga vigelegele pale pale kitini. Pasta akainua tena karatasi, akakunja uso. "Hapa chini wameandika arudie Desemba. Hiyo ni nini?"

Wote wakanitazama. Mlango wa kusema ulikuwa wazi, na mimi, ambaye sikuwahi kumeza neno mbele ya mtu yeyote, nikatazama viatu vyangu.

"Ni desturi ya hospitali," nikasema.

"Ah, hawa na karatasi zao," pasta akasema, akaitia barua kwenye faili. Wacera akanifinya mkono chini ya meza.

Sikuwa na nguvu za kusema, lakini nilikuwa na kiburi, nikakitumia hicho. Nilianza kutafuta ugomvi. Nilisema mjomba wake alinidharau. Nilisema kamati ya harusi inaniendesha kama ng'ombe. Nilisema labda tusogeze mbele mpaka mwaka mpya, mvua ipungue, barabara zikauke. Siku ya tatu Wacera alinisimamisha nje ya darasa lake, watoto wakiwa ndani wanaimba herufi.

"Mutahi, wewe si mtu wa kuogopa matope. Sema."

"Mjomba wako..."

"Wachana na mjomba. Kwa nini Desemba? Ni kitu gani inaisha Desemba?"

Hapo nikasema. Nilisema yote, hata lile swali la Judy na jibu langu, maana mara mdomo ulipofunguka haukutaka kufungwa. Wacera hakulia. Alinitazama kama anayesoma maandishi madogo.

"Mama yangu alipiga vigelegele," akasema. "Na wewe ulikuwa umekaa hapo."

Akaingia darasani. Jioni hiyo hiyo alimpelekea pasta habari kwamba harusi haipo. Sababu hakumwambia mtu yeyote, mpaka leo. Watu wa Ruring'u walijitungia yao, na waliyotunga yalimlaumu yeye.

Desemba tarehe nane nikarudi kwa Sista Jeniffer. Siku za kungoja sitazieleza. Siku tatu kabla ya Krismasi akanipa karatasi, akagonga meza kwa kile kidole gumba. "Haya, Septemba nayo imesema. Huna. Enda ukakae vizuri."

Sikwenda kukaa. Nilikimbia katika matope mpaka Ruring'u, nikamkuta Wacera akitoka dukani na mkate, akipita kando ya uwanja. Alikuwa amefika kwenye ukuta wangu. Mvua ilikuwa imelibambua fuvu taya na kula nusu ya herufi. Rinda na hereni zilikuwa zimebaki nyekundu vile vile. Hapo nilitumia rangi nzuri.

"Sina!" nikamwambia. "Soma mwenyewe."

Alisoma yote, mpaka sahihi. Akaikunja palipokuwa pamekunjwa, akanirudishia.

"Mungu ashukuriwe," akasema, na najua alisema kwa moyo.

"Basi tutafute tarehe nyingine."

"Na Judy?"

"Judy nini?"

"Yeye amepimwa na nani?"

Kwa miezi mitatu nilikuwa nimefikiria ulimi wangu, shingo yangu, kifo changu. Sikuwahi kujiuliza kama mwanamke yule wa Timau, aliyezika mume, alikuwa naye anahesabu siku kwa sababu yangu.

"Yeye ndiye aliomba mpira," Wacera akasema. "Wewe ndiye ulikataa. Na ukutani ni nani amevalishwa rinda?" Akaigeukia ile mifupa. "Mimi ungenichora lini, Mutahi? Baada ya Novemba?"

Akahamishia mkate mkono wa pili, akaenda zake.

Januari Moffat aliniita nitengeneze michoro iliyoharibiwa na mvua. Nilianza na ukuta wa Ruring'u. Nilichora taya upya, nikazinyoosha herufi, halafu nikachukua rangi nyeupe nikalifuta rinda. Nikazifuta hereni. Moffat alikuja saa sita, akasimama nyuma yangu.

"Sasa huyu ni nani?"

"Si mwanamke."

"Nimeona si mwanamke. Watu watajua aje ni nani?"

Nilikuwa nikiosha brashi kwa mafuta ya taa. Nilipaswa kumjibu kwa jina langu. Lilikuwa jina fupi, na ningeweza kuliandika pale kwa herufi zilizonyooka.

"Rudisha hereni, bwana," Moffat akasema, "ama nitafute fundi mwingine."

Nikampa brashi.