Mtani Hahojiwi kwa Kalamu

Alhamisi ile Mwalimu Ismaili Chande alilala mchana kweupe, akakoroma mpaka mkewe Mwanakombo akaja kumwangalia kama mzima. Miezi miwili hakuwa na usingizi wa maana. Sasa bahasha imekwenda, basi mtu alale!

Ndani ya bahasha mlikuwa na ombi la utafiti. Taasisi moja ya Kampala ilitangaza mwaka ule wa hamsini na tano kwamba itachukua walimu wawili Waafrika, iwalipe mshahara mwaka mzima, kila mmoja achunguze jambo la kwao na kuliandikia ripoti. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na maswali yake kumi na manne yalimtoa jasho Ismaili. Unataka kuchunguza nini? Utachunguza kwa njia gani? Kwa muda gani? Nani atakusaidia? Na lile la kumi, lililomla wiki tatu nzima: leta kurasa kumi na mbili za mwanzo wa utafiti wako, tuone unachokijua.

Alichagua utani wa misibani. Nani mwingine angechagua? Pale Mikindani mtu akifa, watani wa ukoo wake hufika wanacheka wakati wenyewe wanalia. Humwiga marehemu anavyotembea, hunyakua chakula jikoni, na mmoja hujilaza ndani ya kaburi akasema maiti haingii mpaka apewe chake. Ismaili alipoyaona hayo mara ya kwanza alishikwa na bumbuwazi. Yeye kwao ni Mikindani kwa damu, lakini alikulia Tanga, baba yake alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge. Mji wa wazee wake aliuona kwanza akiwa na miaka thelathini na moja, alipohamishiwa shule ya hapo. Alikuwa na miaka mitatu tu tangu afike, na bado watu walimwamkia kwa adabu nyingi, kama hakimu.

Watu wote isipokuwa Athumani Iddi. Huyu alikuwa muuza nazi, mnene, mwenye baiskeli iliyolia kila kiungo, na ukoo wake na ukoo wa kina Chande ni watani tangu mababu. Siku ya kwanza tu alimwambia Ismaili kichwa chake ni kibuyu kilichokosa mfuniko. Ismaili alicheka kidogo, akarekebisha tai. Na alipotafuta mtu wa kumweleza habari za utani, akaona nani anafaa kuliko mtani mwenyewe? Akaenda na daftari. Jioni tisa alikaa barazani kwa Athumani, Athumani akisema, yeye akiandika. Muuza nazi alikuwa mpole siku hizo, uso umetulia kama wa shehe. Ismaili akaamini kwamba kalamu ikishatoka, utani unapumzika.

Afisa elimu, Mzungu mmoja mkavu, alisoma kurasa zile akazungusha kalamu mara mbili tatu kabla ya kuweka sahihi. "Hapa pana jina langu pia, Mwalimu," alisema. "Ukiniaibisha Kampala, utafundisha darasa la kwanza mpaka mvi ziote masikioni." Karani akapiga mhuri, bahasha ikafungwa. Na kwa kuwa Athumani alikuwa akipeleka nazi Mtwara kila Jumatano, nani tena wa kutumwa posta? Ismaili alimpa pesa za rejista na ahsante nyingi.

Basi ndiyo maana alilala. Na usingizi ule ulimtosha siku moja tu.

Ijumaa baada ya sala, shangazi yake Bi Saumu aliteremka kwenye lori kutoka Msimbati, na kikapu cha pweza mkavu kichwani. Bi Saumu alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake, mama wa watu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Mwanakombo hakupi chakula?"

"Ni kazi, shangazi. Nimeandika jambo kubwa. Ngoja nikusomee."

Akaleta nakala, akaketi mkekani, akaanza kumfasiria kwa Kiswahili, kifua mbele. Akasoma kwamba siku ya tatu ya msiba, shemeji wa marehemu hubebeshwa beberu mgongoni akazungushwa kisima mara saba. Bi Saumu akaacha kutafuna tambuu. Akasoma kwamba mjane hukalishwa juu ya kinu akahesabu kaa wa pwani mpaka alfajiri. Bi Saumu akashika ubavu. Akasoma kwamba mila hizo zilihifadhiwa na wazee saba wa utani, mabingwa, Mwenyezi Mungu awarehemu, ambao ni Mzee Likomba, Mzee Nandonde, Mzee Chipembe...

"Yallah!" Bi Saumu alipiga ukelele, akaanguka mkekani, akitupa miguu huku na huku. Mwanakombo alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi. "Likomba! Likomba mzee! Mwanangu, Likomba alikula kanga yangu ya harusi!"

"Alikula vipi, shangazi?"

"Kwa mdomo! Likomba ni beberu wa marehemu Iddi! Nandonde ni jike lake, na Chipembe alikufa kwa kula maganda ya muhogo mchungu. Nani kakwambia ni wazee?"

"Athumani."

"Athumani gani? Huyu wa Iddi? Mtani wako?" Bi Saumu alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Ala! Umekwenda kumwuliza mtani wako kweli? Wewe mtoto, nani kakulea? Mtani ukimwuliza njia ya msikitini atakupeleka kilabuni! Mambo yako unamwuliza asiye mtani wako, na mambo yake unamwuliza asiye mtani wake. Hata mtoto anayenyonya anajua."

Ismaili akaitazama nakala mkononi. Wazee saba, na wote mbuzi! Akaiona Kampala: maprofesa wameketi, mmoja akisoma, wengine wakiandika. Halafu atokee mtu mmoja wa pwani, hata mpishi tu, asikie, acheke kama shangazi anavyocheka. Akamwona afisa elimu. Akajiona mwenyewe na darasa la kwanza, a, e, i, o, u, mpaka siku ya kufa. Aibu ilimpanda moto mwilini, akasikia hata masikio yanaungua.

"Imeshakwenda," alisema. "Shangazi, bahasha imeshakwenda!"

Akanyakua baiskeli. Hakuvaa hata koti. Barabara ya Mtwara aliikata kama mtu anayefukuzwa na nyuki, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye meno, na njiani hakuitikia salamu ya mtu. Alifika posta imebaki nusu saa wafunge.

Karani wa posta alikuwa kijana mmoja mwenye miwani na maringo ya serikali. "Mwalimu, barua ikishaingia humu ndani ni mali ya Malkia. Hata ungekuwa baba yake Malkia, sikupi."

"Nionyeshe basi tu kama imeondoka. Tafadhali, bwana mdogo. Bahasha kubwa, ya Kampala. Imeletwa juzi Jumatano."

Karani akapumua kwa kuudhika, akafungua kitabu cha rejista, akapitisha kidole toka juu mpaka chini. Akarudia. "Jumatano hakuna barua ya Kampala hapa. Jana hakuna. Leo hakuna."

"Haikuletwa?"

"Mwalimu, mimi nasoma kilichoandikwa."

Ismaili alitoka akaketi kwenye ngazi. Kwanza alifurahi, halafu akaogopa upya. Kama haikufika posta, iko wapi? Fomu ile ilikuwa moja tu, ina sahihi na mhuri. Kampala walitaka ombi mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa umebakiwa na siku kumi na moja. Kama Athumani kaiangusha njiani, hata nafasi ya kusahihisha hakuna. Alipanda baiskeli kurudi Mikindani, na safari hii miguu ilikuwa mizito kweli.

Alimkuta Athumani uani kwake, anafua nazi kwenye mti uliochongoka, jua la alasiri bado kali. Mkewe Fatuma alikuwa akianika makopa ya muhogo juu ya jamvi.

"Athumani! Bahasha yangu iko wapi?"

Athumani aliweka nazi chini polepole. Akamtazama mwalimu, vumbi kichwani, shati limetoka nje, jasho linamtiririka. Mashavu yake yakaanza kutetemeka.

"Nani kakwambia? Bi Saumu, eh? Kafika?" Na hapo kicheko kikamponyoka. Alicheka mpaka akashika mti. Fatuma naye akageuka kando, mabega yakimtikisika. "Siku tisa, Mwalimu! Siku tisa nilijiuma ulimi ukaota sugu! Nilipokutajia Nandonde, nikasema sasa atashtuka. Wapi! Ukaniuliza kama aliacha watoto!"

"Bahasha iko wapi, nakuuliza!"

Athumani aliingia ndani, bado anacheka, akatoka na bahasha. Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa safi cha kaniki, haina hata kunjo, na juu yake pesa za rejista zimefungwa kwa uzi.

"Hii hapa. Jumatano nilifika nayo mpaka mlangoni mwa posta, nikarudi nayo. Nilisema nikupe siku mbili ushtukie mwenyewe, usiposhtuka nikuletee."

"Kwa nini hukuipeleka?"

"Mimi nilikuwa nakutania wewe," Athumani alisema, na sasa uso wake ulikuwa mkavu. "Wazungu wa Kampala ni watani wangu? Mtani hakufanyi kichekesho mbele ya watu baki. Mungu apishe mbali."

Ismaili aliipokea bahasha kwa mikono miwili. Aliishika, akaipindua, akaishika tena, kisha akakaa chini, palepale kwenye makumbi ya nazi. "Alhamdulillahi," alisema. Akasema tena. Pumzi ilimtoka ndefu, na alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la chumvi mgongoni. Fatuma akamletea maji kwenye kata, akayanywa yote na mengine yakamwagikia kifuani. Bila shaka alitozwa jogoo wa kukomboa bahasha. Alilipa, na angelipa hata ng'ombe.

Kazi yenyewe ikaanza Jumamosi. Bi Saumu aliongoza, naye hakuwa na mchezo. Aliwaita watu ambao si watani wa kina Chande wala wa kina Iddi, mmoja baada ya mwingine, akiwemo Mwasiti mkunga na mzee mmoja mchimba makaburi. Hao walisema kweli. Walimweleza kwamba mtani ndiye anayechimba kaburi kama wenyewe hawana nguvu, ndiye anayewashika wafiwa wasijiumize, na kwamba mchezo wake wote ule ni wa kumfanya mfiwa ameze tonge la kwanza. Ismaili aliandika mpaka kidole kikaota lengelenge. Kurasa kumi na mbili mpya zikatimia Jumapili. Na kwenye swali la njia ya utafiti akafuta alichoandika mwanzo, akaandika waziwazi kwamba mtafiti alidanganywa na mtani wake kwa siku tisa, kwamba wazee saba walikuwa mbuzi, na kwamba kutokana na kosa hilo sasa anajua nani aulizwe nini.

Afisa elimu alisoma Jumatatu asubuhi. Alipofika kwenye mbuzi, alikohoa kwa muda mrefu akiwa ameziba mdomo. "Hii peleka," alisema.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Wamemkubali, aanze Januari, na profesa mmoja aliongeza kwa mkono wake kwamba ukurasa wa mbuzi umesomwa kwa sauti mbele ya wenzake wote. Mwanakombo alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani pamezaliwa mtoto. Ismaili alicheka, akaikunja barua, akaenda moja kwa moja kwa Athumani.

"Nimepata," alimwambia.

"Nimesikia vigelegele. Hongera, kibuyu."

Ismaili akaketi karibu naye. Kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni wiki zote hizo. "Athumani, nikuulize, na leo sina kalamu. Uliniona nimekuja na shida yangu, nahangaika. Ungenionea huruma tu ukanieleza kweli. Kwa nini ulinitenda vile?"

Athumani akamkazia macho kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Ungekuwa mgeni, ningekwambia kweli tangu siku ya kwanza," alisema. "Mgeni tunamheshimu. Anauliza, anajibiwa, anapewa maji, anaaga. Wewe ni mtoto wa Chande. Baba yako kafia Tanga, kazikwa kimya, hapakuwa na hata mtu mmoja wa kwetu wa kulala kaburini mwake akamtukana. Sisi huku tuliumia. Ulipokuja, nikasema huyu simwachi."

Ismaili alikumbuka msiba ule. Nyumba ya vigae ya kampuni ya mkonge, viti vimepangwa, watu wanaongea kwa kunong'ona, na yeye na mama yake siku mbili chakula hakipiti kooni. Hakuna aliyewachekesha. Akamtazama yule mtu mnene aliyeketi mbele yake na nazi mapajani.

"Athumani," alisema, "siku ukifa wewe tutakuzika umesimama. Tumbo hilo halilali."

Athumani alidondosha nazi. Akainuka, akapiga mikono, akaita kwa sauti iliyofika barabarani:

"Fatuma! Fatuma we! Njoo usikie! Mtoto wa Chande kanitukana!"