Lengo la Tano la Injinia Inas

Mimi shule niliacha nikiwa na miaka kumi na minne. Sikufukuzwa, nilichoka kukaa. Mpaka leo ukinipa karatasi yenye mistari mitupu mkono unaniwasha.

Kazi yangu ni lifti, hapa Aleksandria. Kila mwezi wa kumi na mbili ofisi inatugawia fomu ya malengo: mwakani unataka kufanya nini. Unajaza, unakaa na mkuu wako, mnakubaliana, mnasaini.

Karakana nzima tulikuwa na namna yetu ya kuijaza. Tulikuwa tunaandika mambo tuliyokwisha kuyafanya. Siyo uvivu. Ukitangaza unachokitaka, jicho la husuda linakifikia kabla yako. Fundi Girgis, aliyenifundisha kazi, aliwahi kusema mbele za watu kwamba atakuwa msimamizi. Wiki hiyohiyo akaanguka ngazini, mguu ukavunjika.

"Mguu haukuwa na kosa," huwa anasema. "Ni mdomo." Halafu ananyanyua vidole vitano usoni kwa yeyote anayemtazama sana, jicho lipite mbali.

Mkuu wetu wa zamani alikuwa anasaini bila kusoma. Mwaka juzi akaja mwanamke, Injinia Inas. Huyu anasoma.

"Badri, kaa."

"Nimezoea kusimama, Injinia."

"Na mimi shingo inauma. Kaa."

Nikakaa. Akaishika fomu yangu.

"Lengo la kwanza, kubadilisha kamba za lifti ya mtaa wa Smouha. Kamba zile nimezikagua juzi. Mpya kabisa."

"Zitachakaa."

"Ndani ya mwaka? Basi ulizifunga vibaya." Akashuka mstari. "La pili, breki ya lifti ya zahanati. Umeitengeneza mwezi wa nane. La tatu, kuwahi kazini. Hili peke yake ndilo hujalifanya."

Nikaangalia viatu vyangu.

"Kuna nafasi moja ya kozi ya paneli mpya za kuendeshea lifti, Kairo, wiki sita," akasema. "Atakayekwenda lazima kozi iwe imeandikwa kwenye fomu. Mkurugenzi anasoma fomu, hasomi mioyo. Unaitaka?"

Niliitaka mpaka usingizi ulikuwa unanikimbia. Majengo yalikuwa yanang'oa mitambo ya zamani mmoja baada ya mwingine. Miaka michache tu, kila ninachokijua kingekuwa chuma chakavu, na mimi pamoja nacho. Wenzangu wakienda kula maharage ya ful, mimi nilikuwa nafungua paneli mpya na kuchora nyaya zake kwenye daftari.

"Sina cheti cha shule," nikasema.

"Sijakuuliza cheti. Daftari lako nimeliona."

Nikaishika kalamu, nikairudisha mezani.

"Mbona huandiki, Badri? Ni jicho?"

Masikio yakaniwaka moto. Nilidhani atacheka, msomi kama yule. Hakucheka.

"Mimi nilipokuwa chuo," akasema, "mama aliwaambia majirani nasomea ushonaji, jicho lisinifikie. Miaka mitano. Wakawa wananiletea magauni nipunguze kiuno."

"Ukayapunguza?"

"Nikayaharibu. Wakasema masikini, hata kushona hajui."

Nikacheka mpaka nikasahau kwamba nilikuwa na hofu. Yeye akavuta fomu yake mwenyewe, ile anayoipeleka kwa mkurugenzi. Ilikuwa na malengo manne. Akaongeza mstari, akanigeuzia nisome. La tano: kumpeleka fundi Badri kozi ya paneli na kumrudisha na cheti.

"Kanuni inasema liandikwe kwenye fomu," akasema. "Haikusema fomu ya nani. Jicho likija, linikute mimi. Nimeshasemwa sana, sipungukiwi."

"Mbona umeliweka la tano?"

Akanyanyua vidole vyake vitano, kama Girgis kabisa, akarudi kwenye karatasi zake.

Kairo nilipata tabu. Mtihani wa kwanza nilifeli. Vijana wa diploma walikuwa wanamaliza nami bado nasoma swali la pili. Jioni ile nilifunga begi. Niseme ukweli, lingekuwa lengo langu ningeliacha palepale, mimi nimeacha mengi. Lakini halikuwa langu. Nikamwona Injinia kichwani mwangu, amesimama mbele ya mkurugenzi, mstari wa tano umepigwa msalaba mwekundu, nikafungua begi na kutoa daftari.

Mtihani wa mwisho nilipita kwa kuzidi alama mbili tu.

Niliporudi nilimwekea cheti mezani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kwenye treni. Yote yakayeyuka.

"Injinia, mkono wako ubarikiwe," ndiyo niliyoweza.

Alikisoma mpaka muhuri. Akachukua kalamu, akaweka alama kwenye lengo la tano la fomu yake, akanirudishia cheti.

"Umechelewa dakika ishirini," akasema. "Nenda kazini."

Mwezi wa kumi na mbili uliopita fomu zikaja tena. Nikaandika lengo la kwanza, jambo ambalo bado sijalifanya hata nusu: kumfundisha Fundi Girgis paneli mpya kabla hajastaafu. Mzee akachungulia begani kwangu, akasoma polepole, midomo ikitembea.

"Wewe mtoto una wazimu. Limeandikwa kabisa, kwa wino?"

"Kwa wino, mzee."

Akaguna. Halafu akaufunika mstari ule kwa kiganja chake, vidole vitano vimetanuka, akauacha mkono pale mpaka wino ukakauka.