Tupike Bila Ngano

Mwalimu alikuwa amestaafu kazi, ila mdomo wake haukustaafu. Maisha yake yote alifundisha Kiswahili, na katika Kiswahili hicho alichokipenda kuliko vyote ni ngano: za fisi mlafi, za sungura mjanja, za majitu yenye jicho moja. Ngano kwake zilikuwa hizo. Ile ya kutengenezea mkate aliiita unga, basi.

Siku mwanawe wa pekee alipomleta mke nyumbani kwa mara ya kwanza, Mwalimu alikata mkate, akapakua tambi, akaanza kumsimulia mkwewe habari za fisi aliyekwenda kuposa akiwa amevaa viatu vya kuazima. Fisi alikuwa ndiyo kwanza amefika mlangoni kwa wakwe, Mwalimu alipoinuka mara moja kwenda jikoni kuchukua chumvi. Akiwa huko akamsikia mkwewe akinong'ona, "Mwambie mama, mimi ngano siwezi. Nitateseka bure."

"Nitamwambia," mwanawe akajibu.

Mwalimu akarudi na chumvi, akaketi, akafunga mdomo. Fisi akabaki mlangoni.

Alibaki hapo miaka mitatu. Kila Jumapili walipokuja, Mwalimu alipakua kimya, na kwa kuwa hakuwa na maneno ya kumkarimu mkwewe, alimkarimu kwa mikono: mkate wa moto, tambi za jibini, keki ya kumalizia. Binti wa watu alidokoa kabichi, akasukuma sahani kando, akaondoka ameshika tumbo. Mwalimu roho ilimuuma. Ngano nimeacha, aliwaza, na bado hali chakula changu. Sasa anataka niache nini, kupumua?

Kisha wiki moja mwanawe akapiga simu. Tangu utotoni alikuwa akiitwa Bwana Kesho, na jina hilo hakupewa bure. "Mama, mwenzangu anaona labda tupumzike kuja Jumapili," alisema. "Kwa muda tu." Mwalimu alijua "kwa muda" ya mwanawe ina urefu gani. Kabla hajajibu, mkwewe akaichukua simu.

"Mama, kabla hatujapumzika, Jumapili hii nije mapema, tupike wote chakula cha kujazia kuku. Ila nakuomba, tupike bila ngano."

Hata jikoni kwake mwenyewe! Lakini Mwalimu alisema, "Sawa, mwanangu," maana Jumapili hiyo ikiharibika angebaki na sahani moja mezani, ya kwake.

Mkwewe alikuja na mtama, karoti, uyoga, pilipili hoho na fungu la kotimiri. Aliosha mtama, akauchemsha kwenye supu ya mboga mpaka punje zikapasuka bila kurojeka. Mwalimu alikabidhiwa vitunguu. Alikata kimya, machozi yakimtiririka, akashukuru kupata kisingizio.

"Hiki hakiingii ndani ya kuku, mama," mkwewe alieleza akikaanga mboga kwenye siagi. "Tunakiweka kwenye trei, kinaliwa pembeni."

Cha kujazia kuku kisichojaza kuku! Mwalimu aliona ngano nzima hapo, na kuku mwenye majivuno ndani yake. Ikamfika ncha ya ulimi, akaimeza.

"Umenikasirikia, mama?"

"Hapana. Ni vitunguu."

Mtama ukachanganywa na mboga, na mkwewe akageuka kuosha mwiko. Mwalimu akachungulia sufuria. Punje zilikuwa zinatawanyika, kila moja na njia yake. Hiki hakishikani, alijisemea, na huyu mtoto ataaibika mbele ya mumewe. Kwa mapenzi yake yote akachukua vipande vya mkate mkavu, akavifikicha mkononi, akaunyoosha mkono juu ya sufuria.

"Mama! Ngano!"

"Sijafungua mdomo!" Mwalimu alifoka. "Tangu umeingia humu sijamtaja hata fisi!"

Mkwewe akabaki na mwiko hewani, unachuruzika maji. "Fisi gani?"

"Fisi wa ngano! Si ulisema ngano huwezi? Nilikusikia kwa masikio yangu haya."

"Mama, huo mkate."

"Mkate umefanya nini?"

"Ndiyo ngano yenyewe. Nikila tumbo linavimba, naumwa mpaka nalala kitandani. Daktari alinikataza kabla hata sijaolewa. Mume wangu hakukuambia? Kila nikimuuliza anasema, 'Mama anajua, anajitahidi.'"

Mwalimu aliutazama mkate mkononi. Akaikumbuka mikate yote, na keki zote. Akakaa.

"Nimekuwa nikikulisha sumu," alisema, "na huku nanuna kwa nini huimalizi."

"Na mimi nikasema mama mkwe ananichukia. Anajua, na bado ananiongezea keki." Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kilio, na safari hii vitunguu havikuwa na hatia.

Bwana Kesho akachungulia mlangoni. "Harufu nzuri! Kimeiva?"

Wote wawili wakamgeukia. Akautazama mkate, akawatazama wao, akarudi hatua nyuma. "Nilikuwa nataka kuwaambia…"

"Kesho," walimjibu kwa pamoja.

Mkate ukatupwa, mikono ikaoshwa. Mkwewe akavunja mayai kwenye mtama, ukashikana vizuri, ukaingia kwenye oveni. Mezani alikula sahani nzima, akaongeza, akakwangua trei. Mwalimu alimtazama kila tonge kwa furaha.

"Mama," mkwewe akasema, akisogeza kiti. "Yule fisi. Miaka mitatu nimekuwa nikijiuliza, vile viatu vilikuwa vya nani?"

Mwalimu akafungua mdomo. Ngano haikuwepo. Aliitafuta kila mahali alipozoea kuikuta, akakuta ule ukimya wa Jumapili zote umeila mwisho wake. Ilimuuma kama kufiwa. Mkwewe alikuwa bado anangoja, kidevu mkononi.

"Vya mama mkwe wake," Mwalimu akasema, akitunga papo hapo. "Na ndiye aliyemfungulia mlango."

"Lakini mama," Bwana Kesho akadakia, "si vilikuwa vya kobe?"

"Wewe kula," mkewe akamwambia. "Mama, endelea."